Uzinduzi wa kitabu katikati ya masika: tathmini ya huduma ya maduka ya vitabu Dar es Salaam

Mwezi wa vitabu Tanzania ni Aprili. Tarehe 13, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, hutolewa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Siku kumi baadaye, tarehe 23, ni Siku ya Vitabu Duniani. Wachapishaji na wenye maduka hupanga ratiba zao kwa kuzitazama tarehe hizo mbili: uzinduzi, mazungumzo na mwandishi, kusaini nakala. Na Aprili hiyohiyo ndiyo kilele cha masika Dar es Salaam. Msomaji anayetaka kumsikia mwandishi kwa masikio yake, amuulize swali, kisha aondoke na nakala yenye jina lake, atafanya hayo huku mitaro ikifurika na viatu vimeloa.

Hapa tunaipima huduma hiyo kwa ujumla wake, kama inavyotolewa Posta, Mikocheni na upande wa Masaki na Msasani. Tunaipima siku ya mvua kwa sababu siku ya jua karibu kila duka hufanya vizuri. Hukumu yetu ni hii: maudhui ya hafla hizi ni ya hali ya juu na kiingilio kwa kawaida ni bure, lakini mambo matatu huziangusha, nayo ni sauti, saa zinazochaguliwa na taarifa kwa wasomaji. Yote matatu yanarekebishika bila fedha nyingi. Kama ni alama kati ya 10, mazungumzo yenyewe tunayapa 8, utunzaji wa vitabu 6, sauti 4, na taarifa 3.

Tuanze na mahali, maana mahali huamua mengi kabla mwandishi hajafungua kinywa.

Maduka ya Posta yako kwenye majengo ya ghorofa. Mfano unaojulikana zaidi ni duka la TPH (Tanzania Publishing House), Mtaa wa Samora, lenye jina la shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966. Ukiwa chini ya jengo la ghorofa, juu yako kuna sakafu ya zege, na mvua hata iwe kubwa namna gani unaisikia kwa mbali tu, kutokea mlangoni. Hilo peke yake linalifanya eneo la Posta kuwa bora kwa hafla ya msimu wa mvua. Shida ya Posta iko nje. Mitaa ya katikati ya jiji hujaa maji haraka, hatua chache kutoka kituoni hadi dukani zinatosha kuloanisha suruali hadi magotini, na maegesho ni ya kubahatisha.

Mikocheni mambo hugeuka. Soma Book Café, Regent Estate, imekuwa makao ya mazungumzo ya vitabu kwa miaka mingi, na utulivu wa mtaa ule unafaa kwa usomaji kuliko honi za Samora. Lakini nyumba za makazi zilizogeuzwa kumbi, popote zilipo jijini, huwa na bustani, baraza na paa la bati. Kikao cha bustanini kinapendeza kuliko kingine chochote kuanzia Juni hadi Septemba. Aprili kinahitaji ukumbi wa akiba ulio tayari, viti vikiwa vimeshapangwa ndani. Kusema tu kwamba mvua ikianza tutasogea hakutoshi, kwa sababu kusogeza watu 50 na vyombo vya sauti huchukua dakika 20, na baada ya hapo nusu ya wasikilizaji wameshaanza kuulizia usafiri.

Masaki na Msasani kuna maduka yaliyo ndani ya majengo ya biashara yenye dari nzuri, migahawa jirani na vyoo safi. Anayetoka mjini anapita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022. Tatizo ni kwa msikilizaji asiye na gari: daladala ni chache usiku, na bei ya teksi za mtandaoni hupanda mara tu mvua inapoanza.

Sasa saa. Hafla nyingi hupangwa saa 11 jioni siku ya kazi, ili watu watoke ofisini waende moja kwa moja. Wakati wa masika saa hiyo ni mbaya kwa sababu nne zinazokutana. Foleni iko kileleni. Jua linazama kabla ya saa 12 na nusu, kwa hiyo kurudi ni usiku, na kidimbwi kinachoficha mtaro ulio wazi hakionekani. Mwaka ambao Ramadhani imeangukia Machi au Aprili, muda wa futari unaikata hafla katikati. Sababu ya nne ndiyo isiyozungumzwa sana, nayo ni bahari. Maji ya mvua ya mjini huishia baharini kupitia mitaro na Mto Msimbazi, unaoingia baharini upande wa Daraja la Selander. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam hujaa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Mvua kubwa ikishuka wakati bahari imejaa, mtaro hauna pa kumwaga, na maji hurudi barabarani. Wavuvi wa Kivukoni wanalijua jambo hili vizuri, na mwenye duka akitazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe atajiepusha nalo. Siku za maji mafu, karibu wiki moja baada ya bamvua, bahari haipandi sana na mitaro hupata nafasi ya kutoa maji.

Saa tunayoipendekeza ni Jumamosi saa 4 asubuhi. Si kwamba asubuhi mvua hainyeshi. Masika hunyesha hata tangu alfajiri. Faida yake ni kwamba mvua ikishika, watu wana mchana mzima wa kusubiri ipungue, wanarudi na mwanga, na foleni ni nafuu. Duka nalo huuza zaidi, kwa sababu anayesubiri mvua ipite huzunguka kwenye rafu.

Kuhusu kufika, jambo la kujua ni Jangwani. Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, na mwendokasi wa kutoka Kimara hauwezi kufika Posta kwa njia yake. Anayetoka Ubungo, Kimara au Mbezi azunguke kwa Barabara ya Mandela kupitia Tabata na Buguruni, ajue kwamba wengine wote wameamua vivyo hivyo, hivyo aongeze saa nzima. Anayetoka Mwenge, Kinondoni au Morocco bado ana Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mratibu wa hafla anayejua wageni wake wengi wanatoka ng'ambo ya Jangwani afuatilie hali ya pale tangu asubuhi.

Taarifa ya kutegemea ipo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa siku kadhaa mbele kwa rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mvua kubwa kwa kipimo chao ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, onyo lilitolewa mapema na hata boti za Zanzibar zilisimama. Siku ya namna hiyo hakuna la kujadili, hafla inaahirishwa. Ugumu uko kwenye siku za njano, na hapo ndipo maduka mengi yanapotuangusha. Bango la hafla limesambaa wiki mbili kwenye makundi ya WhatsApp, lakini siku yenyewe duka liko kimya. Msomaji anapiga simu, haipokelewi. Mmoja anaamua kubaki nyumbani na hafla ikafanyika; mwingine anavuka jiji na kukuta mlango umefungwa.

Utaratibu unaofaa ni mwepisi. Bango litaje tangu mwanzo tarehe ya akiba, na liseme uamuzi utatangazwa wapi na saa ngapi. Kwa hafla ya jioni, saa 6 mchana inatosha. Tangazo liwe la sentensi moja lenye uamuzi mmoja kati ya mitatu: inaendelea, imeahirishwa hadi tarehe ya akiba, au inafanyika mtandaoni. Liwekwe palepale bango la kwanza lilipowekwa, kwa sababu watu hurudi kutazama mahali walipoliona. Waliolipia nakala mapema watumiwe ujumbe mmoja mmoja.

Tukija kwenye sauti, tutakaa kidogo, maana hapa ndipo jioni nzuri nyingi hupotea. Mazungumzo ya kawaida ya watu walioketi karibu yana nguvu ya desibeli kama 60. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari huvuka 70 kirahisi. Mwandishi anayesoma kwa upole, kama wengi wanavyosoma, hasikiki hata safu ya pili. Kosa la kawaida ni kuongeza sauti ya spika moja kubwa iliyowekwa mbele. Walio mbele wanaumia masikio, walio nyuma bado hawasikii, na maikrofoni inaanza kupiga mlio.

Sababu yake ni umbali. Pasipo na kuta za kurudisha sauti, kila umbali kutoka kwenye spika unapokuwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6. Aliyeketi mita 8 anapata desibeli 12 pungufu ya aliyeketi mita 2. Dawa ni kuwasogeza watu na kugawa spika, kabla ya kugusa kitufe cha sauti. Viti 40 vipangwe nusu duara kwa safu tatu, wala visiwe safu nane zilizonyooka kama darasani. Hapo hata wa mwisho yuko mita nne au tano kutoka kwa mwandishi. Weka spika mbili ndogo kwenye stendi, moja kila upande, juu kidogo ya vichwa vya walioketi, zikielekezwa katikati ya wasikilizaji. Spika ziwe mbele ya maikrofoni, zisielekee maikrofoni kutoka nyuma, la sivyo mlio hauishi. Maikrofoni iwe ya kushika mkononi, ile inayonasa sauti ya mbele tu, na isogezwe sentimita tano kutoka mdomoni. Zile ndogo za kubana kwenye kola hunasa mvua sawasawa na zinavyonasa maneno, kwa hiyo chini ya bati hazifai.

Maikrofoni ya pili ni ya lazima, kwa ajili ya maswali. Bila hiyo, swali linaulizwa, mwandishi peke yake analisikia, anajibu, na wengine 39 wanabaki kukisia kilichoulizwa. Kama ipo moja tu, mwongozaji alirudie kila swali kabla halijajibiwa. Betri za maikrofoni zisizo na waya zibadilishwe kabla ya kuanza, na jozi ya akiba iwe mfukoni mwa mtu anayejulikana.

Yapo mambo ya umeme ambayo hayana mjadala. Ekstensheni haikai sakafuni siku ya mvua. Maji ya miavuli hutiririka mpaka yalipo matundu yake. Ipandishwe juu ya meza au ifungwe kwenye mguu wa kiti, na waya upite pembeni ya ukuta. Ukumbi uwe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Radi zikianza kupiga karibu, vifaa visivyotumika vichomolewe kabisa, kuvizima hakutoshi.

Umeme ukikatika, na usiku wa dhoruba hukatika mara nyingi, duka lenye jenereta na duka lenye inveta, kifaa cha kutumia umeme wa betri, huachana hapo. Jenereta hupiga kelele, lakini hatari yake kubwa ni moshi. Mvua inapoanza, mfanyakazi mwenye nia njema huisogeza barazani au kwenye korido isiloe, na hewa ya sumu isiyo na harufu ikaingia ukumbini. Jenereta ikae nje chini ya kibanda chake, mbali na milango na madirisha. Kama kibanda hakuna, isiwashwe.

Kwa hafla inayochukua saa mbili, inveta inatosha, na hesabu yake ni hii. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Betri ya asidi haitakiwi kushuka chini ya nusu, basi hesabu 600. Inveta yenyewe hula kiasi, zikabaki kama 500. Taa 6 za LED za wati 9 ni wati 54, feni mbili za wati 60 ni 120, spika mbili ndogo 60, ruta 10. Jumla ni wati 244, na hiyo ni saa mbili na dakika chache. Ukizima feni moja unapata dakika 40 zaidi. Kiyoyozi, birika la chai na friji ya soda visiunganishwe humo. Hafla nyingi huzimika nusu saa baada ya umeme kukatika kwa sababu ya birika lililosahaulika.

Mlangoni tunatafuta vitu vitatu: ndoo au kishikio cha miavuli kilicho nje au hatua moja tu ndani, zulia zito la kukanyagia lenye urefu wa hatua tatu au nne, na mtu mwenye dekio asiyeondoka pale. Marumaru iliyoloa huteleza, na wanaokuja kwenye hafla hizi ni pamoja na wazee na watoto. Duka lenye vitu hivyo vitatu tunaliamini hata kabla ya kuona rafu zake.

Vitabu vyenyewe vina adui wawili, maji yanayoonekana na unyevu usioonekana. Maji yanayoonekana huingilia mlangoni na madirishani, kwa hiyo meza ya mauzo isikae karibu na mlango ingawa kibiashara ndipo panapovutia. Maboksi yasiwekwe chini. Vipande vya mbao vya kuyainua sentimita 10 vinatosha. Yakiletwa siku hiyohiyo kutoka ghalani, kila boksi lifungwe kwa turubai lake, kwani boksi la kadibodi likiloa chini hupasuka likinyanyuliwa.

Unyevu ndio unaosababisha malalamiko yasiyo ya haki kwa wachapaji. Jalada la kitabu cha karatasi laini limepakwa plastiki upande wa nje tu. Upande wa ndani hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, wa nje hautanuki, na jalada hujikunja kuelekea nje. Mnunuzi huona kitabu kipya kinafunguka chenyewe, akadhani kimechapwa ovyo. Kikilazwa mahali pakavu chini ya vitabu vingine vizito kwa siku mbili tatu hunyooka. Duka linaloweka nakala za hafla zimelala kwa mafungu, badala ya kuzisimamisha wazi kwa mapambo tangu asubuhi, halipati tatizo hilo kwa kiwango kikubwa. Vitabu vya watoto vyenye karatasi ya kung'aa ni hatari zaidi: vikiloa, kurasa hugandana, na zikishakauka zikiwa zimegandana hazibanduki tena bila kuchanika.

Kisha kuna mfuko. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na maduka hutumia mifuko mbadala ya kitambaa chepesi. Mazingira yamepona kwa kiasi, lakini mfuko ule haukingi maji hata kidogo. Mvua ya dakika tano inatosha kukiloanisha kitabu kilichomo. Maduka machache hukifunga kitabu kwa karatasi nzito ya kaki tabaka mbili kabla ya kukitia mfukoni, na hiyo hukikinga kwa mwendo wa kutoka dukani hadi kwenye gari. Wachapishaji nao wangeweza kuacha sehemu ya nakala zikiwa kwenye karatasi yake ya plastiki ya kiwandani, mnunuzi akaifungua mbele ya mwandishi kama anataka saini. Kwa sasa ushauri wetu kwa msomaji ni kuja na begi la mgongoni lisilopitisha maji, na taulo dogo la kufutia mikono.

Mikono mikavu ina maana kubwa kwenye meza ya saini. Peni ya kawaida ya wino mzito wa mafuta haichuruziki ikiguswa na tone la maji. Peni za jeli na kalamu za wino wa maji huandika kwa mvuto zaidi, lakini tone moja hugeuza jina kuwa doa. Saini iwekwe kwenye ukurasa wa jina la kitabu, ambao karatasi yake hunyonya wino, wala isiwekwe upande wa ndani wa jalada unaoteleza. Kitabu kiachwe wazi nusu dakika kabla ya kufungwa.

Foleni ya saini huhitaji hesabu pia. Kila msomaji huchukua dakika moja hadi mbili: salamu, jina, picha, saini. Watu 40 kwa dakika moja na nusu ni saa nzima, na saa hiyo mvua inaweza kuwa imeizingira Posta. Vijikaratasi huokoa muda mwingi kuliko kitu kingine. Mfanyakazi apite kwenye foleni, aandike jina la kila mtu kwa herufi kubwa, akichomeke kijikaratasi kwenye ukurasa wa saini. Mwandishi hataulizia kama ni Zainab au Zainabu, Rehema au Rahma. Wenye safari ndefu na wenye watoto wapewe nafasi ya mbele. Mwongozaji atangaze hivyo waziwazi, na watu huliridhia bila kinyongo. Atakayeshindwa kusubiri aache nakala yenye kijikaratasi chake, aifuate baadaye.

Malipo hukwama mtandao ukiyumba. Lipa Namba, yaani kulipa kwa simu, ni rahisi na kila mtu anaitumia, lakini dhoruba ikishagusa minara, ujumbe wa uthibitisho huchelewa. Mnunuzi anadhani hajalipa, analipa tena, na kesho yake duka linashughulika kurudisha fedha. Kanuni nzuri ni kutolipa mara ya pili kabla ya kuangalia salio. Duka nalo liwe na chenji ya kutosha ya noti za 1,000, 2,000 na 5,000, na daftari la kuorodhesha malipo yanayosubiri uthibitisho. Risiti idaiwe hata kama foleni ni ndefu. Kuhusu idadi ya nakala, kipimo chetu ni nakala moja kwa kila watu wawili waliothibitisha kuja, na siku ya mvua idadi hiyo hutosha na kubaki.

Neno kuhusu ratiba ya hafla yenyewe. Mtindo wa kumsubiri mgeni rasmi, kisha kusoma majina ya meza kuu moja baada ya jingine, kisha hotuba tatu za shukrani, unaweza kula dakika 50 kabla mwandishi hajasoma hata aya. Siku ya jua watu huvumilia. Siku ya mvua wanatazama dirishani. Mgeni rasmi akikwama kwenye foleni, mwandishi aanze kusoma, na mgeni akifika apewe nafasi yake kabla ya maswali. Hakuna heshima inayovunjika hapo. Usomaji wa dakika 10 hadi 15, mazungumzo ya dakika 30, maswali dakika 20, saini. Huo ni mpango unaoweza kutimia kabla ya usiku. Kifungu cha kusoma kichaguliwe mapema na kwa uangalifu: majibizano ya wahusika husikika vizuri kwenye kelele ya mvua kuliko maelezo marefu ya mandhari, kwa sababu sikio likikosa neno moja la mazungumzo hulijaza kwa lile linalofuata.

Kurusha hafla mtandaoni ni msaada mkubwa kwa waliokwama, ila simu iliyowekwa kwenye stendi mwisho wa ukumbi hunasa mvua tu. Sauti itoke kwa waya kwenye kichanganyio cha sauti hadi kwenye simu au kompyuta, na ruta iwe kwenye inveta. Duka lisiloweza hayo lirekodi sauti peke yake, liisambaze kesho yake. Rekodi safi ya nusu saa ina manufaa kuliko picha za saa mbili zisizosikika.

Kitabu kikiloa njiani pamoja na tahadhari zote, usikianike juani wala usikipashe kwa pasi. Karatasi itapinda na gundi ya mgongo itaachia. Kifute nje kwa kitambaa kikavu bila kukisugua. Kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo kama kipepeo, mbele ya feni iliyo polepole. Kama kimeloa sana, weka karatasi laini ya kunyonya maji kila baada ya kurasa 10 au 15, uzibadilishe kila baada ya saa chache, usizijaze mpaka mgongo ukapanuka. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48 katika joto letu. Ukikosa nafasi usiku huo, kitie kwenye mfuko safi uliofungwa, ukiweke kwenye friza. Humo kitasubiri bila kuharibika mpaka upate muda. Kikishakauka, kilaze chini ya vitu vizito siku mbili tatu.

Wachapishaji tunawaomba waitazame Julai. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, ni msimu mkavu, hewa ni ya kipupwe na bustani za Mikocheni ziko kwenye ubora wake. Tarehe yenyewe inagongana na Sabasaba, na Barabara ya Kilwa haipitiki, kwa hiyo Jumamosi inayofuata ni bora zaidi. Aprili ibaki na tuzo na hafla chache za ndani, chini ya zege, saa 4 asubuhi.